Mlango Uliogoma Kila Alasiri

Vijana wangu mlioingia kwenye kazi ya umeme wa majumbani, nawaona mnavyofika kwa wateja. Bodaboda haijazimwa vizuri, bisibisi iko mkononi. Mwenye nyumba hajamaliza kueleza, kifuniko cha mashine kimeshafika chini. Siwacheki. Nami nilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa bodaboda sikuwa nayo, nilikuwa na baiskeli isiyo na breki, kwa hiyo nilikuwa nafika kwa kasi zaidi yenu.

Kazi yangu nimeifanyia hapa hapa Kibiti na vijiji vyake: mashine za kukoboa mpunga, shata za chuma za milango ya maduka, majokofu ya barafu kule Nyamisati. Miaka ya mwisho ndiyo ikaingia hii milango ya mabanda ya magari inayopanda na kushuka kwa rimoti. Mtoto anafanikiwa Dar, anarudi kumjengea mama yake, na mlango wa namna hiyo ni lazima uwemo, hata kama gari lenyewe bado liko kwenye maombi. Mimi nilikuwa na daftari. Kila nilipoitwa niliandika siku, saa, kitu kimefanya nini, na nani alikuwepo. Wenzangu waliniita karani. Niliwaacha waniite.

Daftari lile nilifundishwa na Mzee Mbonde, fundi wa mashine ya mpunga pale Bungu, ambaye nilimbebea spana kabla sijaruhusiwa kuzitumia. Mzee Mbonde alikuwa akifika kwenye mashine iliyokufa, anakaa kitako. Watu wana magunia yao, wana haraka, wanamzunguka, yeye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa anaitazama mashine kama anayemtazama ng'ombe asiyemjua tabia. Halafu anauliza maswali matatu, siku zote yale yale: imegoma lini, nani alikuwa karibu, na kabla ya kugoma kilifanyika nini. Mteja mmoja mwenye ulimi mkali akamwambia, "Mzee, umekuja kutengeneza au umekuja kuposa?" Mzee Mbonde akamjibu, "Hata kuposa mtu anauliza kwanza."

Niliyasikia maswali yale mara mia na sikuyashika. Nilipoanza kujitegemea nikaitwa Nyamisati, kwenye ghala la barafu lenye shata ya umeme. Mota inanguruma, mlango haupandi. Nikapanda ngazi, nikaifungua mota, nikaitandaza kwenye gunia kipande kimoja kimoja, asubuhi nzima, wavuvi wamekaa na samaki wao wananitazama. Mlinzi wa ghala naye amekaa nao, anakula muhogo. Nikairudisha mota, nikabonyeza, ikanguruma vile vile. Ndipo mlinzi akauliza kwa upole, "Fundi, au nitoe boriti?" Kumbe yeye jana yake jioni alikuwa amekatiza boriti ya mkoko nyuma ya mlango, kama babu yake alivyofunga mlango, kwa sababu hakuamini mlango unaofungwa na waya. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Hukuniuliza," akasema, "nikajua fundi unajua." Boriti ya mkoko haishindwi na mota, wanangu. Niliandika hilo daftarini na nikadhani nimeshajifunza.

Sikuwa nimejifunza. Kisa cha Mwalimu Zuhura kilinikuta na mvi zangu, mwaka mmoja kabla sijaacha kazi, na hicho ndicho nilichokusudia kuwaeleza.

Mwalimu Zuhura alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, akastaafu, akabaki Kibiti mjini. Mwanawe alimjengea nyumba yenye banda la gari lililoshikamana na jiko, mlango wake wa rimoti. Gari analo, dogo, na huliendesha kama alivyoendesha shule: amri moja, hakuna kurudia. Analiingiza kinyumenyume ili akitoka atoke moja kwa moja. Kila alasiri akishasali anatoka kwenda kuwasomesha akina mama mtaa wa pili. Akitoka bandani anabonyeza rimoti huku gari linaondoka, wala hatazami nyuma. Na karibu kila siku akirudi jioni, mlango anaukuta wazi. Lakini asubuhi, akienda sokoni, unafunga vizuri kabisa.

Anaishi na binti mmoja, Mwanaidi, wa miaka kumi na tisa, kutoka Ruaruke. Zamani Mwalimu alifundisha huko na mama wa binti alikuwa jirani yake. Mama alimtoa mwanawe kwa imani: amsaidie Mwalimu kazi za nyumbani, na asubuhi aende kujifunza ushoni mjini. Ni binti mkimya, mwepesi wa kazi. Nasema hayo sasa. Siku ya kwanza nilimwona tu kama mtu aliyeniletea kiti.

Nilipiga simu kabla ya kwenda, kama ustaarabu unavyotaka. Nikafika, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Banda lilikuwa limefagiliwa, limemwagiwa maji kutuliza vumbi, kiti kimewekwa, na juu ya kigoda kuna chai na vitumbua.

Nikaanza kazi, na sehemu hii muisikilize kwa sababu ndiyo niliyoifanya sawasawa. Kwanza umeme: soketi ya juu ina moto? Testa ikawaka. Pili betri ya rimoti. Betri hizi hufa polepole, leo mlango unakusikia ukiwa barabarani, kesho mpaka uusogelee kama unataka kuunong'oneza. Ilikuwa mpya. Tatu, mlango ukiwa umefungwa, nikavuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli na kuutenganisha mlango na mota, kisha nikaunyanyua kwa mkono. Mlango mzima ukiufikisha usawa wa kiuno ukauachia, unatulia hapo hapo. Ukianguka au ukiruka juu, springi imechoka, na hapo rudisheni mikono mfukoni. Springi ile imebeba uzito wa mlango wote, ikikuponyoka haikupi nafasi ya kusema samahani. Mwiteni mwenye vifaa vyake.

Wa Mwalimu ulitulia. Cheni haikulegea. Nikafungua bodi, ubongo wa mlango, nikatafuta sisimizi, maana huku kwetu sisimizi wanapenda kulala kwenye swichi za ndani kuliko watu wanavyopenda godoro. Kijana mmoja hapa mjini, simtaji, alibadilisha bodi nzima kwa ajili ya sisimizi wanne. Hawakuwepo.

Mwisho nikakagua macho. Milango hii ina macho mawili madogo, moja kila upande, shubiri moja kutoka sakafuni, yanatazamana. Kati yao hupita mwale usioonekana. Kitu chochote kikiukata mwale wakati mlango unashuka, mlango unasita na kupanda tena, usije ukambana mtoto au mbuzi. Kila jicho lina taa yake. Zote mbili ziliwaka. Nikayafuta kwa kitambaa laini, nikabonyeza rimoti mara kumi. Mlango ukafunga mara kumi.

"Mwalimu, mashine ni nzima," nikasema. "Haina ubovu."

"Sasa kwa nini kila nikirudi naukuta wazi?"

Nilikuwa nimeshakula vitumbua vitatu na nilikuwa nakunja waya wangu. Nikasema, nusu kwa utani, "Labda kuna mkono unabonyeza swichi."

Swichi ya ukutani iko karibu na mlango wa jikoni. Mwalimu akaitazama swichi, akatazama jikoni alipokuwa Mwanaidi. Nikaaga.

Siku chache baadaye simu ikaita. "Fundi, mlango uko wazi tena. Na huyu anasema hajaugusa." Nyuma ya sauti yake nikamsikia binti, "Wallahi, Mwalimu, swichi ile mimi hata kuifuta vumbi naiogopa."

Nikafungua daftari. Asubuhi unafunga, alasiri haufungi. Banda linatazama magharibi. Nikajipiga paja kwa furaha: jua. Ni kweli kabisa kwamba jua la alasiri likiliingia moja kwa moja jicho linalopokea, hulitia upofu na mlango hukataa kushuka. Basi nikakata vipande viwili vya bomba la plastiki, vya kuyavalisha macho kama kofia za kukinga jua. Nikaahidi kwenda alasiri ili nijaribu wakati ule ule wa ubovu. Nikapiga simu, nikakuta banda limefagiliwa, kiti, chai. Jua linachoma. Nikayavalisha macho kofia zake, nikabonyeza: ukafunga. Tena: ukafunga. Nikamweleza Mwalimu habari ya jua kwa dakika ishirini, na yeye, mwalimu wa sayansi, akaridhika.

"Kwa hiyo sasa hakuna kisingizio," akasema.

"Hakuna, Mwalimu."

Mnaona nilivyofanya? Mara ya kwanza nilitupa neno, mara ya pili nikalifungia mlango. Kosa likirudi sasa, mashine imeshatolewa hatiani. Nani amebaki?

Ijumaa ya wiki ile, mchana, nilikuwa nakunywa kahawa baada ya sala. Muuza kahawa akanimiminia na kuniambia, "Hongera, fundi. Kumbe wewe ndiye uliyemkamata yule binti."

"Binti gani?"

"Wa Mwalimu Zuhura. Si anamfungulia mlango kijana wa bodaboda, Mwalimu akitoka tu? Wewe si ndiye uliyesema kuna mkono?"

"Mimi nilisema labda."

"Hiyo labda haikufika huku," akasema. "Kesho asubuhi anarudishwa kwao. Mama yake ameshapelekewa habari."

Kahawa ilinishinda. Binti wa miaka kumi na tisa anarudishwa kijijini na habari ya bodaboda imemtangulia: hapo si ushoni tu unaokatika. Jina lile mama yake ataliosha kwa maji gani? Na habari yote ilikuwa imetoka mdomoni mwangu, pamoja na makombo ya vitumbua.

Nilisali alasiri msikitini, na nilipotoka sikwenda nyumbani. Sikupiga simu pia. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote kwenda nyumbani kwa mtu bila kumwarifu, na nilitembea nikiona haya.

Mlango wa banda ulikuwa wazi, gari limo ndani. Nikapiga hodi.

"Karibu, fundi. Shikamoo." Mwanaidi alitokea jikoni, macho yamevimba. "Mwalimu bado anasali. Hatukujua kama unakuja."

"Marahaba, mwanangu. Nitasubiri."

Hakukuwa na kiti, wala chai. Sakafu haijafagiliwa: majani makavu, kandambili mbili, ndoo. Nikakaa kitako kando ya mlango, nje kidogo ya kizingiti, na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kula nikawa natazama. Pembeni ya mlango, ndani kidogo, kwenye ukuta wa kushoto ambapo tairi za gari hazifiki, kulikuwa na birika la plastiki la kutawadhia. Sakafu mahali pale ilikuwa mbichi. Maji yalikuwa bado yanateremka kwenye mteremko wa saruji kwenda kwenye migomba.

Nyuma ya birika kulikuwa na jicho la mlango. Taa yake ilikuwa imezimika.

Bado nilikuwa nakusanya akili, Mwanaidi akaja na ufagio. Alikuwa anafanya lile ambalo binti yeyote aliyelelewa vizuri hufanya mgeni akiingia ghafla. Akasogeza ndoo, akatupa kandambili pembeni, akainama, akanyoosha mkono kulichukua birika alipeleke ndani.

"Liache," nikasema.

Akashtuka. "Nataka nikufagilie, fundi."

"Usifagie. Mwanangu, nakuomba, leo usifagie hata unyasi. Nilipokuja siku zile mbili, birika hili lilikuwa wapi?"

"Nililiingiza ndani. Ukipiga simu kwamba unakuja, naondoa vyombo vyote, nafagia."

"Na Mwalimu alitawadha wapi?"

Akanitazama kama ninayemuuliza jambo lisilofaa. "Ndani. Angetawadhaje hapa na kuna mgeni mwanamume?"

"Na siku nyingine zote?"

"Hapa. Maji yanakwenda kwenye migomba."

"Akirudi jioni?"

"Analichukua mwenyewe, anaingia nalo ndani kwa ajili ya magharibi. Asubuhi linakuwa chooni."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lote, na lilikuwa likiondolewa kwa heshima yangu mimi kila nilipopiga simu. Ubovu ulikuwa unafagiliwa kabla sijafika. Na aliyekuwa anaufagia, kwa adabu zake, ndiye aliyekuwa anafukuzwa kwa ajili yake.

Mwalimu akatoka na mtandio wake na funguo mkononi. "Fundi? Hujapiga simu."

"Leo sikupiga, niwie radhi. Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Toka na gari kama unavyotoka siku zote. Usibadilishe chochote. Ila ukishabonyeza, simama utazame nyuma."

"Nimeshachoka na mlango huu," akasema, lakini akaingia garini. Gari likatoka, akabonyeza. Mlango ukashuka kiasi cha shubiri mbili, ukasita, ukapanda mpaka juu na kutulia.

Mwalimu akashuka garini akiwa tayari ameshapandisha sauti. "Unaona? Nani kabonyeza?"

"Mimi hapa nimekaa," nikasema. "Na mwanao huyo ameshika ufagio."

Akamtazama Mwanaidi, akaitazama swichi iliyokuwa mbali naye, akanitazama mimi. Nikamwonyesha birika. Nilikuwa nimetayarisha maelezo, lakini mwalimu wa sayansi hahitaji maelezo marefu. Akalichukua birika, akabonyeza: mlango ukafunga. Akaufungua, akalirudisha birika pale pale, akabonyeza: ukasita, ukapanda. Akarudia mara tatu, midomo inamcheza, kama anayesahihisha hesabu na kutumaini mtoto amekosea. Mara ya tatu akabaki amelishika birika kifuani.

"Ni mimi," akasema.

Mwanaidi aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa nguo. Ulikuwa umeshafungwa.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mwalimu.

"Nyumbani. Si uliniambia kesho? Hata leo gari zipo."

"Huoni kwamba mlango..."

"Nimeuona, Mwalimu. Lakini mama hajauona."

Mwalimu aliliweka birika chini, akalitazama lilipokaa, akalisogeza mbali na jicho. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Niwie radhi, mwanangu. Nimekudhulumu."

"Nimekuwia radhi," akasema Mwanaidi, na mfuko hakuuweka chini.

"Basi panda gari. Nitakwenda nikamwambie mama yako kwa mdomo wangu." Akafungua mlango wa mbele kwa ajili ya binti, jambo ambalo sidhani kama alishawahi kumfanyia mtu. Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi panda nyuma. Neno la kwanza lilikuwa lako."

Akina mama wa darasa walingoja bure siku ile. Tukashika njia ya vumbi mpaka Ruaruke. Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa nguo mapajani, nikipanga namna ya kumweleza mtu wa kijijini habari ya mwale usioonekana.

Mama Mwanaidi tulimkuta uani anapepeta mchele. Alimwona mwanawe, akamwona Mwalimu, akaniona na mimi nimebeba mfuko. Alitukaribisha mkekani kwa maneno yote yanayostahili, lakini ungo hakuuweka chini. Mwalimu akanitazama. Nikaanza.

Nilisema kwamba mimi ndiye fundi. Nikasema nilikagua mlango mara mbili, sikuona ubovu, na badala ya kusema sijaona nikasema kuna mkono. Mkono haukuwepo. Mwanao alikuwa jikoni anapika. Mwalimu akadakia, akaeleza birika, akasema kosa lilikuwa lake na amekuja kuliondoa lilipofika. Atawaambia na majirani kabla ya kuondoka, na kama mama ataridhia, anaomba Mwanaidi arudi naye amalizie ushoni.

Ungo ukaendelea kupanda na kushuka. Pumba zikaruka, mchele ukabaki.

"Arudi akitaka mwenyewe," mama akasema mwishoni.

"Nitarudi Jumatatu," akasema Mwanaidi. "Nataka kwanza watu wanione hapa siku mbili, nikienda kisimani na uso wangu wazi."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akauweka ungo chini, akanigeukia mimi.

"Sasa fundi, nikuulize. Siku ile ya kwanza ulipokuwa hujaona kitu, kwa nini ulisema?"

"Nilitakiwa kusema kitu, mama. Mwenye nyumba alikuwa anangoja."

"Siku nyingine ukikosa la kusema," akaniambia, "omba maji ya kunywa."

Vijana wangu, nimekunywa maji mengi sana kwenye nyumba za watu tangu siku ile.